Namba Isiyo na Mwenyewe

Ngo.

Mara moja tu, wala si kwa nguvu: pigo la mgongo wa kidole juu ya mbao, kama la mgeni mwenye adabu anayejua kuwa wenyeji wamelala. Fundi aliinua uso kutoka kwenye skrini, akangoja pigo la pili, maana mtu akibisha hodi hagongi mara moja akaacha. La pili halikuja.

"Karibu," alisema, kwa mazoea tu.

Hakuingia mtu. Akanyanyuka, akafungua, akachungulia. Nje ya ofisi lilikuwa ghala, na ndani ya ghala ilikuwa milango: milango mia mbili na ushei, imeegemezwa ukutani safu kwa safu, mipana kwa myembamba, mingine ina vitasa, mingine matundu matupu, yote imesimama wima kama watu wanaongoja kuitwa. Hapakuwa na hata mmoja uliofungwa kwenye fremu. Hapakuwa na hata mmoja ambao ungeufungua ukakuta chumba. Mlinzi alikuwa getini, mbali, akikohoa kikohozi chake cha sigara.

"Mbao mbichi," Fundi alijiambia. "Zikipoa usiku hulia."

Alirudi kitini, akashika kibodi, akaandika amri mbili tatu. Kisha vidole vikasita vyenyewe. Mlango wa ofisi ile ulikuwa wa chuma na kioo. Pigo alilolisikia lilikuwa la mbao, na lilitoka karibu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kiwanda cha milango kilitaka kuachana na madaftari, naye aliitwa kukiwekea programu ya biashara, mojawapo ya zile programu huria zinazotolewa bure, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kutazama zilivyoshonwa ndani. Ikishatulia kwenye seva, maagizo ya wateja, mbao zilizomo ghalani na zamu za maseremala vyote vingeonekana mahali pamoja. Alikadiria siku tatu. Lakini ilimlazimu afanye kazi usiku, kwa sababu mchana misumeno ikiwaka umeme uliyumba, na seva ilizimika katikati ya jambo kama mtu aliyezirai.

Aliyemtafutia kazi ile alikuwa mdogo wake wa kike, karani wa ghala. Kiwandani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yao alifariki Chiriku akiwa hajaota meno, na Fundi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kusema. Neno la kwanza la Chiriku halikuwa "mama". Lilikuwa "kaka". Hadi leo waliishi nyumba moja, na duniani Fundi hakuwa na mtu mwingine.

"Ukiniaibisha nakuhama, kaka," Chiriku alimwambia siku ya kwanza, akimpitisha kwenye vumbi la randa. "Nimewaambia wewe ni bingwa. Nimesema uongo mkubwa kwa sauti kubwa, sasa kazi kwako kuufanya uwe kweli."

"Bingwa wa nini?"

"Sikufika huko. Nilisema bingwa, wakanyamaza."

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mikono yake imejaa makovu ya patasi. Wafanyakazi walimwita Mama Milango. Alimwonyesha Fundi seva akiwa amesimama nje ya ofisi, hakukanyaga ndani.

"Weka programu yako," alisema. "Lakini humo kwenye hilo sanduku kuna vitu vya zamani. Usivichokonoe."

"Vya nani, mama?"

"Vya zamani," alijibu, akaenda zake.

Chiriku akamvuta kaka yake mkono. "Usimuulize zaidi," alinong'ona. "Ni vya mwanawe. Ndiye aliyeileta hiyo seva. Alifia humu humu ghalani, miaka mitatu sasa, mimi sijaajiriwa. Wazee wa kazi wanasema wao walimjua kwa Bwana Mdogo tu. Jina lenyewe mama mtu amelifuta kila mahali, kwenye madaftari, kwenye kibao cha zamu. Hata kaburini nasikia ameweka jiwe tupu. Halitajwi, kaka. Anayelijua ni yeye peke yake."

Ndipo jioni ile Fundi akafanya kosa.

Kwenye seva za namna ile kila faili ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana jina. Lakini hayo majina ni ya kuwafurahisha binadamu. Kompyuta yenyewe inajua namba. Ukimfuta mtu, jina huondoka na faili zake hubaki zilipokuwa, na pale palipokuwa na jina panabaki namba kavu, kama kigingi cha mbuzi aliyekwisha chinjwa. Fundi alizikuta faili hizo kwa maelfu, zimetapakaa kila pembe: michoro ya milango, vipimo vya fremu, orodha za mbao kwa aina na unene, kazi ya miaka ya mtu makini. Mwenyewe: 1003.

Ilikuwa kazi safi, nayo programu mpya iliihitaji. Njia ya haki ilikuwa kwenda kwa Mama Milango, kuomba ruhusa, kisha kuzihamisha faili zile moja moja kwa mwenyewe mpya. Njia ya mkato ilikuwa moja: kuifungulia programu akaunti mpya na kuipa namba ile ile. Papo hapo, bila kumuuliza mtu, kila alichoacha marehemu kingekuwa chake.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akabonyeza.

Dakika chache baadaye ndipo akasikia lile pigo.

Sasa, akiwa ameketi na shingo imemkakamaa, alifungua daftari la seva, ile faili ambayo mashine huandika yenyewe kila linalotokea, saa, dakika na nukta. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wa dakika ile ile. 1003 anaomba kuingia. Kutoka: hapa hapa. Na chini yake, nukta tatu baadaye, sawasawa na muda alioutumia kusema neno moja la mazoea: Ombi limekubaliwa.

Yeye hakuwa ameandika nenosiri lolote. Alikaa akitazama mistari ile miwili mpaka macho yakamwuma, akajiambia programu mpya hufanya mambo mengi yenyewe, akazima taa, akaondoka haraka kuliko alivyokusudia.

Kesho yake Chiriku ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuitumia programu. Alikaa kwenye kibodi kama malkia, huku maseremala wawili wakichungulia begani kwake.

"Mnaona? Mlango wa mninga, futi saba, upo. Mlango wa msonobari, upo. Seremala mvivu, yupo, anapumulia shingoni mwangu."

"Andika na karani mbea," seremala akamjibu.

"Huyo hana idadi."

Walicheka. Fundi naye alicheka, na ile hofu ya usiku ikamtoka kama jasho. Lakini saa za mchana, katikati ya sentensi, Chiriku alinyamaza. Hakuna aliyemkatiza. Alikuwa akisimulia jambo la jirani yao, akafika kwenye "basi yule bwana akasimama mlangoni aka—", akaishia hapo, akabaki anatazama skrini huku midomo imeachana kidogo. Jioni Fundi alikuta bidhaa moja isiyo ya kawaida kwenye orodha ya ghala. Mlango mmoja. Hali: haujafunguliwa. Mwombaji: na hapo palikuwa patupu.

"Umeandika wewe hii?"

"Mimi?" Chiriku alijinusa vidole. "Kaka, mbona nanuka gundi? Sijashika gundi leo."

Fundi akaifuta. Akageuka kuchukua koti lake, aliporudisha macho ilikuwepo tena.

Usiku ule, nyumbani, aliamshwa na pigo moja. Alilala macho wazi, akihesabu pumzi zake. Likaja jingine. Lilitoka chumbani kwa mdogo wake, na halikutoka kwa mtu aliye nje anayetaka kuingia, lilitoka kwa mtu aliye ndani. Fundi akapiga moyo konde, akavuka ukumbi, akausukuma mlango. Ulikuwa haujafungwa hata kwa komeo. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni gizani, magoti yamekunjwa kifuani, mkono umeinuliwa, na kidole kilichopinda kilikuwa kinaendelea kugonga hewa pale ubao ulipokuwa.

"Chiriku. Mdogo wangu. Unafanya nini?"

"Nifungulie," alisema, taratibu, bila kumtazama.

"Mlango uko wazi."

"Huu uko wazi," Chiriku akasema. "Sio huu."

Chumba chote kilinuka mbao zilizochanwa sasa hivi, na Fundi alipowasha taa aliona kwenye nywele za mdogo wake, kwenye kope zake, unga mwembamba wa randa.

Siku ya tatu Chiriku alisema maneno tisa, Fundi aliyahesabu. Siku ya nne hakusema kitu. Alikwenda kazini, akakaa kwenye kibodi, akaandika, na alipoambiwa muda wa kwenda nyumbani umefika hakugeuka. Maseremala waliacha kutania. Mmoja alimwita kwa jina lake la utani, mwingine akampigia makofi usoni. Akawa kama anayepigiwa makofi nyuma ya ukuta. Fundi akainama sikioni mwake, akamwita kwa jina lile alilopewa na mama yao, lile ambalo Chiriku akilisikia siku zote huitikia "abee" hata akiwa usingizini.

Hakuitikia.

Fundi akaitazama orodha ya watumiaji wa programu. Mahali palipokuwa na jina la mdogo wake, alipoliandika kwa mkono wake mwenyewe siku mbili zilizopita, palikuwa na namba. 1003.

Hapo akaelewa kosa lake lote, kichwa hadi mkia. Akangoja kiwanda kifungwe, akavuta kibodi ya pili, akaingia kwenye seva ili aiondoe ile akaunti, aing'oe programu nzima, arudishe kila kitu kama alivyokikuta, na tayari alikuwa ameandika amri yenyewe, imebaki kubonyeza tu, alipohisi ubaridi ukimpanda kutoka unyayoni kama anayeingia mtoni, na mlio wa feni za seva ukapungua, ukapungua, ukawa kama pumzi ya mtu aliyebanwa kifua, na kutoka ghalani, nyuma ya kioo, milango ile isiyo na nyumba ikaanza kugongwa, mmoja upande wa kushoto, mmoja kule mwisho, mmoja karibu kabisa na kioo, kila mmoja pigo moja, taratibu, bila haraka, mapigo yakisogea kuelekea ofisini kama mtu anayepita akijaribu vyumba vyote vya nyumba ambayo alizaliwa humo na sasa haimkumbuki, mpaka mapigo yakafika nyuma ya kiti chake, na mkono mwepesi, mkono wa mdogo wake, ukatua begani.

"Usinifute mara ya pili," Chiriku akasema, kwa sauti ya kiume iliyojaa vumbi.

Fundi aliondoa vidole kwenye kibodi. Alipogeuka, Chiriku alikuwa amekwisha rudi kitini kwake na kuanza kuandika upya, mstari ule ule, mlango mmoja, haujafunguliwa, mlango mmoja, haujafunguliwa, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka.

Mlinzi alimkuta Fundi getini, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Nimesikia," mlinzi alisema kabla hajaulizwa. "Miaka mitatu nasikia. Lakini lilikuwa pigo moja kwa mwezi, nikalizoea. Wewe umelifanyaje likawa hivi?"

"Mbona hukusema?"

"Mimi nazuia wezi, bwana. Hawa wengine hawamo kwenye mkataba." Akatupa sigara, akaikanyaga. "Kuna mama mmoja najua hutoa watu mashetani. Kaa hapa. Usimwache dada yako peke yake."

Mganga alifika kabla ya alfajiri: mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mkoba wa ngozi kwapani. Hakupiga kelele wala kutikisa kichwa. Alimshika Chiriku mapigo ya mkono, akamfunua kope, akamnusa nywele. Kisha akaielekea seva, akaitazama kwa muda kama anavyotazamwa mgonjwa wa pili.

"Umeingiza nini humu?" aliuliza.

Fundi akamweleza, bila kuficha. Mganga akasikiliza huku akifuta miwani kwa pindo la khanga.

"Kwa hiyo umempa mgeni namba ya mtu aliyekufa."

"Ndiyo, mama."

"Halafu akabisha."

"Ndiyo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema karibu."

"Mwanangu," mganga alisema, "kazi yangu na yako ni moja. Mlangoni tunauliza kwanza, nani? Ndipo tunakaribisha. Wewe ulikaribisha kwanza."

Alifukiza dawa zake. Alimnyunyizia Chiriku maji, akasoma aliyojua kuyasoma, sauti yake ikipanda na kushuka kama ya anayembembeleza mtoto mkaidi. Kisha akauliza waziwazi: "Wewe uliyemkalia binti huyu, nani wewe?"

Chiriku hakufungua mdomo. Vidole vyake viliandika: 1003.

"Hiyo namba. Nakuuliza jina. Nani?"

1003.

"Nani?"

Namba ile ilijaa skrini kutoka juu hadi chini, ikaendelea, na mlinzi aliyekuwa amesimama mlangoni akaanza kurudi kinyumenyume.

Mganga akakaa chini. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

"Nisikilize. Humu mna wawili. Yuko marehemu, amenasa kwenye kugonga kwake. Na liko jini, limemkuta amenasa, likajificha ndani yake. Jini ni kama nyoka, hachimbi shimo, huingia la mwenzake. Marehemu akiitwa akaenda, shimo linaziba, na jini halina pa kushika."

"Basi mwite! Mwambie atoke!"

"Kwa jina gani?" Mganga alimtazama usoni. "Nikisema 'toka' bila jina, atakayetoka ni yule ambaye bado ana jina. Humo ndani mwenye jina ni dada yako peke yake, nalo limebaki uzi mmoja. Akitoka yeye, utabaki na nani kwenye kiti hicho?"

Jina lilijulikana kwa mtu mmoja tu, na Fundi alimjua. Alikuwa amekwisha ondoka mbio.

Mama Milango alikaa nyumba ya nyuma ya kiwanda, hatua arobaini tu. Alifungua mwenyewe, amevaa, kama mtu ambaye hakulala. Fundi alimweleza kwa pumzi moja, namba, pigo, vidole vilivyochubuka.

"Nilikwambia usivichokonoe," mama yule alisema.

"Nilikosa. Niadhibu mimi, nifukuze, nishitaki. Lakini njoo ulitaje jina lake."

"Halitajwi."

"Mama, dada yangu anakufa!"

"Nimesema halitajwi."

Fundi akapiga magoti kizingitini. Hakuwahi kumpigia mtu magoti. "Nilimlea kwa mgongo huu," alisema. "Nilimfundisha kusema. Leo nimemwita kwa jina lake hakuniitika. Unajua hiyo ikoje, kumwita mtu wako asikuitikie?"

Uso wa Mama Milango ukavunjika. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Mimi najua ikoje kuitwa," alisema mwishowe. "Tuligombana. Alikata mlango wa kwanza aliouchonga marehemu baba yake, akaufanya meza ya hilo sanduku lake. Ndiyo hiyo meza uliyokuwa unaegemea siku zote hizi. Nikamwambia, kuanzia leo usiniite mama. Jioni akaja ofisini akabisha. Wakati ule mlango wa ofisi ulikuwa wa mbao. Baadaye niliung'oa, sikuweza kuutazama. Nilikuwa ndani. Akasema, 'Mama, nifungulie.' Nikanyamaza. Akasema tena. Nikanyamaza. Basi akazunguka, akapanda juu ya milango iliyoegemezwa ili aingilie dirisha la ofisi. Nikasikia kishindo cha milango kuanguka. Milango huanguka kila wiki humu, fundi, hakuna anayeshtuka. Halafu nikamsikia anagonga. Mara moja. Baada ya muda, mara moja. Nikasema moyoni, mkaidi wewe, gonga mpaka uchoke. Nikazima taa, nikaja kulala."

Mlinzi, aliyekuwa amemfuata Fundi, alivua kofia.

"Asubuhi waliinua milango kumi na saba," Mama Milango akaendelea. "Alikuwa chini yake. Mkono wake ulikuwa umekunjwa hivi." Akainua kidole kilichopinda. "Ubao ulikuwa na kibonyeo. Wote wanajua alikufa. Hakuna anayejua kwamba nilimsikia."

"Mama..."

"Nikilitaja jina lake nitakuwa nimemjibu. Na nikiweza kumjibu leo, ina maana hata siku ile niliweza."

Fundi alibaki pale magotini.

"Uliweza," alisema. "Na leo unaweza. Wako ulimkosa, mama. Wangu bado anapumua."

Mama Milango alimtazama kana kwamba amempiga kofi. Kisha akamkwepa, akatoka, akashuka ngazi peku, akazihesabu hatua zile arobaini bila kusimama.

Ghalani mapigo yalikuwa yameanza tena, na mara hii hayakuwa ya kungojana. Mlango huu na ule, juu na chini, mbao kavu na mbao mbichi, mia mbili na ushei kwa pamoja, mpaka vitasa vikatetemeka katika matundu yake na vumbi la randa likainuka sakafuni likaning'inia hewani kama moshi, na katikati ya ghasia ile mwanamke mmoja akatembea taratibu, mikono ameiacha wazi, akigusa ubao huu na ule kama anayepapasa vichwa vya watoto waliojipanga, hata akafika penye ofisi, kwenye kizingiti ambacho kwa miaka mitatu hakukivuka. Mganga akampisha. Fundi akasimama nyuma, mkono mdomoni.

Chiriku aliandika. Midomo yake ilikuwa imepauka, macho hayapepesi. Skrini nzima ilikuwa mstari mmoja ule ule, na mbele ya neno mwombaji pale pale pakiwa patupu.

Mama Milango akavuka.

Akapiga magoti kando ya kiti. Akavishika vile vidole vilivyochubuka, akavifunika kwa viganja vyake vikubwa vyenye makovu, navyo vikaendelea kugonga ndani ya viganja vile, kama ndege aliyenaswa.

"Nilikusikia," alisema. "Siku ile nilikusikia, mwanangu. Nilijua ni wewe."

Vidole vikasimama. Ghala zima likanyamaza, pigo la mwisho likakatika njiani, na machoni mwa Chiriku, mbali sana, kitu kikageuka kusikiliza.

Kisha, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aingie ndani kwa kuwa giza limeshuka, Mama Milango akalitaja jina lake.